Jina la Tisa

Kidole gumba cha Bi Kulpash kilikuwa kimekomaa kwa miaka arobaini ya kukamua farasi, hata wino ulikataa kukishika. Mkwewe, Mwalimu Dameli, alikichovya mara ya kwanza, akakichovya tena, na mara ya tatu akakibana kwa vidole viwili na kukikandamiza karatasini kama mtu anayempiga chapa mnyama asiyetaka. Alama ikatoka nyeusi tii, haina mstari hata mmoja.

"Sasa nimefanya nini?" bibi aliuliza, akijifuta kidole kwenye pindo la gauni.

"Umelikataza bomu la atomu, mama."

"Mimi?"

"Wewe na watu milioni mia. Dunia nzima inatia sahihi."

Orazbek, mwanawe, alikuwa amejilaza mlangoni mwa hema la sufi akisuka mjeledi. "Mama, ungeanza kwa kumkataza Mwenyekiti Smagul," alisema bila kuinua macho. "Yeye yuko karibu."

Bi Kulpash alicheka hadi machozi. Dameli hakucheka. Ulikuwa mwaka wa hamsini, majira ya joto, nyika ya Wakazakh inanuka pakanga, naye alikuwa amepewa jukumu na wilaya: kila mtu mzima wa Tasbulak atie sahihi ya amani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Mumewe, Sabyrzhan, kifungua mimba wa Bi Kulpash, alikufa vitani Rzhev baada ya miezi mitano tu ya ndoa, na tangu hapo Dameli alibaki kwa mama mkwe wake, akifundisha watoto wa shamba la ushirika kusoma. Eda ilipokwisha, Orazbek alimtamkia kwa mzaha lile ambalo desturi ilimruhusu kulitamka kwa dhati: kwamba mke wa kaka hatoki nje ya ukoo. Dameli alimjibu mbele ya wanawake waliokuwa kisimani, kwa sauti ya darasani, kwamba yeye si tandiko la farasi, hata aachwe na mmoja akaliwe na mwingine. Wanawake waliangua kicheko. Orazbek naye alicheka, akamwinulia ndoo yake mpaka nyumbani, na hakulitaja tena neno hilo. Ila hakuoa.

Karatasi ya sahihi ilikuja na kijitabu, na Dameli alikuwa akiwasomea watu kijitabu hicho kabla ya kuwapa kalamu. Kilieleza habari za miji miwili ya Wajapani: mwanga uliokuja asubuhi, ngozi zilizowaambuka watu kama maganda, na wale waliotoka wazima, wakacheka, wakala, kisha mwezi wa pili nywele zikaanza kubaki kwenye mito yao.

"Ndilo lile," Bi Kulpash alisema ghafla.

"Lipi, mama?"

"La mwaka jana. Mwezi wa nane, nilipokuwa nakamua. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, na jingine likachomoza mbele yangu, kule linakozama. Vyombo vikaanguka rafuni. Umesahau? Wewe mwenyewe ulifagia vigae."

Dameli alifunga kijitabu. "Ile ilikuwa radi, mama. Mabomu wanayo Wamarekani. Sisi ndio tunaotaka amani."

"Radi bila wingu?"

"Radi, mama."

Orazbek aliacha kusuka, akamtazama shemeji yake. Halafu akainama, akaendelea na mjeledi wake.

Dameli alikusanya sahihi za watu wote wazima wa Tasbulak. Hakukosekana hata mmoja, hata mchungaji bubu wa nyanda za juu ambaye alifuatwa kwa farasi siku mbili. Kwa kazi hiyo alipewa beji yenye njiwa na kuitwa mkutanoni mjini Semei, akaketishwa safu ya pili. Wasemaji walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine wakailaani silaha ya maangamizi. Alitamani kuinua mkono aulize jambo moja tu, kuhusu mwezi wa nane. Kando yake alikaa mwanamke wa kijiji kingine, mwenye kovu bichi la moto shavuni. Macho yao yalikutana, na kila mmoja akaona swali lake limekaa usoni kwa mwenzake. Kisha ukumbi ukasimama kupiga makofi. Wao pia wakasimama, wakapiga makofi.

Mwaka uliofuata mwanga ulikuja tena, mara mbili. Tasbulak waliuzoea kama wanavyozoea jirani mkorofi.

Mwisho wa Julai mwaka wa hamsini na tatu yalikuja malori. Kapteni mmoja wa Kirusi, kijana mpole mwenye midomo iliyopasuka kwa upepo, aliwakusanya watu mbele ya ofisi ya ushirika na kuwaambia kutakuwa na mazoezi ya jeshi. Kijiji kizima kitahamia milimani kwa wiki mbili tatu, na mifugo pia. Wanaume kumi na wawili, wenye afya, watabaki kulinda mali ya ushirika. Chakula kitatoka kwa jeshi.

"Walinde na nini, kama kila kitu kinaondoka?" mzee mmoja aliuliza.

"Majengo," kapteni alisema, akageuka kuwasha sigara.

Jioni ile Dameli aliteremka mtoni kuchota maji, akaona askari wakifunga kondoo kwenye vigingi. Hawakuwafunga zizini. Waliwafunga mbugani, kwa mstari, mmoja hatua mia moja mbele ya mwingine, kila mmoja na namba ya rangi nyekundu ubavuni, na mstari ulikwenda moja kwa moja kuelekea machweo. Mwisho wa mstari upande wa kijijini, askari wawili walikuwa wakichimba handaki fupi, la kutosha watu kumi au kumi na wawili. Alisimama na ndoo zake mpaka maji yalipomwagika viatuni. Hakuna aliyemwambia kitu, wala hakuhitaji kuambiwa. Mtu hafungi kondoo namna ile kwa kuwalinda. Na katika Tasbulak yote, ni yeye pekee aliyekuwa amesoma, kwa sauti, nyumba hadi nyumba, yanayompata kiumbe aliyesimama mbele ya mwanga huo.

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti Smagul aliingia darasani. Vita vilikuwa vimemnyang'anya vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwa hiyo kila karatasi ya ushirika iliyohitaji mwandiko wa kusomeka aliipeleka kwa Mwalimu. Aliweka mbele yake kipande cha gazeti kilichochorwachorwa majina kwa penseli.

"Ninakilie kwa Kirusi kizuri. Kapteni anakingoja."

Dameli alianza kuandika. Wengi walikuwa watu wasio na mtetezi, au wenye midomo. Alipofika jina la tisa kalamu ilisimama. Yerkin. Mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa trekta, mtu pekee aliyebaki katika nyumba ya baba yake.

"Kaka Smagul, huyu mtoe."

"Kwani mgonjwa?"

"Mtoe tu. Nakuomba."

Smagul alijibana kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Mdogo wako aliniita mwizi mbele ya wakata sufi. Nilimwambia neno? Sikumwambia. Sasa serikali inataka walinzi, nampa mlinzi. Watakula nyama ya kopo, watakunywa vodka ya bure, watalala. Mimi mwenyewe natamani." Akainamisha kichwa, akamchungulia. "Au kuna jambo unalijua wewe, nisilolijua mimi?"

Ukutani, juu ya ubao, palikuwa na hati ya pongezi kwa kazi ya amani. Kulitamka alilolijua kulikuwa ni kusema kwamba serikali inawafanya watu wake kondoo, na walikuwapo watu waliopotea kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Silijui jambo."

"Basi tatizo liko wapi? Kapteni amesema kumi na wawili. Hakusema kumi na mmoja. Nipe jina, nikupe jina."

Nje, Orazbek alikuwa akimpigilia farasi kwato za chuma, akimtukana kwa upole kama anavyotukanwa mtoto. Sauti ile iliingia dirishani pamoja na moshi wa samadi.

"Orazbek," Dameli alisema.

Smagul alipiga mluzi. "Shemeji yako? Aliyebakia kwa Kulpash?"

"Hana mke. Hana mtoto."

"Na nani aliyemnyima?" Smagul alicheka mpaka dawati likalia. "Haya andika, andika. Una mwandiko wa kupendeza."

Akaandika, kwa herufi zilizosimama wima kama alivyowafundisha watoto kuzisimamisha. Haikuchukua hata muda wa kufuta ubao. Halafu akajiambia mengi: kwamba pengine ni mazoezi kweli, kwamba Orazbek ni mwerevu na atajificha, kwamba damu ni damu. Kila alilojiambia lilikuwa na ukweli kidogo, na hakuna lililomtosha. Chini yake yote palikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu: kicheko cha kisimani, na subira ya mtu yule aliyemwinulia ndoo kana kwamba hakutukanwa. Alikuwa amechoka kusubiriwa.

Siku ya kuhama, Orazbek alikuja kuwasaidia kupanda lori. Alikuwa amevaa shati la Iddi.

"Umesikia, shemeji? Nimeteuliwa. Wanaume wote wa Tasbulak, na serikali ikauona uso huu."

"Imeuona," Dameli alisema.

"Mbona wewe hukuwahi kuuona?"

Bi Kulpash alimchapa mwanawe kofi la mzaha begani, akamnyoshea mkate aung'ate pembeni. Mkate ule aliufunga kitambaani. Ndivyo wanavyofanya mama zetu mtu anapobaki nyuma au anapokwenda mbali, ili aurudie aumalize. Uso wa bibi uling'aa kwa fahari. Lori lilipoondoka, Orazbek alikimbia nalo kidogo, akiwapungia kofia, akiigiza saluti ya kijeshi kwa mkono wa kushoto, na watoto wakamshangilia.

Yerkin alikaa nyuma ya lori akiwa amenuna. "Watu wanasema jina langu lilikuwamo," alimwambia dada yake. "Nani kanitoa? Mimi si mwanaume?"

"Kaa kimya, Yerkin."

"Smagul kanidharau, yule kiwete wa vidole."

"Nimesema kaa kimya."

Walipiga mahema milimani, mwendo wa siku nzima kwa lori. Tarehe kumi na mbili Agosti, asubuhi, watu walikuwa wakinywa chai. Kwanza rangi zote zilitoweka. Samovari ya kuchemshia chai, zulia, uso wa mtoto aliyekuwa akilamba kijiko, vyote vikawa vyeupe vile vile, na kwa muda wa pumzi moja kila mtu alionekana kama maiti yake mwenyewe. Kisha ardhi ilisogea chini yao. Sauti ilichelewa kufika, na ilipofika haikuja kwa masikio bali kwa kifua; mahema matatu yakalala, farasi wakakata kamba. Upande wa nyumbani kitu kilisimama, kikapanda, kikazidi kupanda, kama moshi uliokataa kwenda na upepo.

Bi Kulpash alikuwa amekaa na birika mkononi, chai ikimmwagikia magotini bila yeye kuijua. Aligeuza uso taratibu kumtazama mkwewe.

"Radi," alisema. "Si ndiyo, mwanangu? Radi."

"Ndiyo, mama," Dameli alisema.

Waliporejea, mbwa waliobaki walikuwa wamenyonyoka manyoya upande mmoja. Kati ya kondoo walibaki wale wa vigingi vya karibu tu, sufi imeungua ikawa rangi ya chai. Wanaume kumi na wawili walikuwa wamekaa wakiegemea ukuta wa ofisi, macho mekundu, wanacheka ovyo. Orazbek alimkimbilia mama yake, akamnyanyua juu.

"Walituambia tulale kifudifudi handakini, tusitazame," alisimulia siku hiyo, watu wamemzunguka. "Kabla ya hapo kila mtu na nusu chupa ya vodka, eti ni dawa. Mimi nikasema, nimeteuliwa kulinda. Nitalindaje nimefumba macho? Nikainua kichwa. Nikaweka mkono hivi, mbele ya uso. Jamani, niliiona mifupa yangu! Kila kifundo. Nikahesabu vidole, vyote vipo, tofauti na vya mwenyekiti!"

Watu walicheka. Bi Kulpash alifungua kitambaa, akamtolea mkate wake, mkavu kama ubao. Aliuloweka kwenye chai akaumaliza wote, akamwonyesha Dameli viganja vitupu kama mtoto.

Wiki ile ile wale kumi na wawili walipelekwa Semei. Walitolewa damu, wakakatwa kucha na nywele, wakapimwa kwa vyombo vilivyokuwa vikilia kama panzi, na hawakupewa hata kidonge. Kabla ya kurudishwa kila mmoja alitia sahihi karatasi kwamba hatasema alichokiona. Mwezi wa pili tangu mwanga ule, nywele za Orazbek zilianza kubaki kwenye mto. Dameli ndiye aliyekuwa akifua foronya. Alizikung'uta nyuma ya zizi, mahali ambapo bibi haendi.

Tileuberdi, wa kwanza kwenye orodha, alizikwa Novemba. Theluji haijayeyuka, wakazikwa wengine wawili. Mganga wa wilaya alikuja na daftari, na kwa kuwa Kikazakh chake kilikuwa kibovu, Mwalimu aliitwa amsaidie kuandika. Chanzo cha kifo: homa ya mifugo. Chanzo cha kifo: homa ya mifugo. Mara ya tatu aliinua kalamu.

"Daktari, huyu alitapika damu, na fizi zilimwoza. Mifugo yetu haina ugonjwa wa namna hiyo."

"Wewe ni mwalimu wa somo gani?" mganga aliuliza, kwa ukarimu kabisa.

"Lugha."

"Basi hakikisha hakuna makosa ya tahajia."

Masika yale Yerkin alikuja shuleni watoto wakiwa wametoka. Hakuvua kofia. Smagul alikuwa amelewa harusini na kumwambia yote, kwa kicheko, kama hadithi ya mauzo ya ng'ombe.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Wangekuzika sasa hivi, Yerkin."

"Nilikuomba?"

"Mimi ni dada yako."

"Nilikuomba?" Alipiga ubao kwa kiganja, chaki ikadondoka. "Kila wanapomzika mmoja, watu wanamtazama nani? Wanatazama huyu hapa, mzima, mwenye nywele kichwani. Jana mama yake Tileuberdi kanigusa shavu, dada. Kanigusa tu, aone nina joto gani. Ungeniacha nife na jina langu. Sasa nimevaa uhai wa mtu kama koti la maiti, na ni wewe uliyenivisha."

Aliondoka kwenda Pavlodar, kulima ardhi mpya pamoja na vijana waliokuwa wakimiminika huko. Hakuandika barua. Miaka ikipita Dameli alisikia kwamba ameoa, ana watoto watatu, na anapoulizwa kama ana ndugu husema hana.

Orazbek alikufa polepole kuliko wenzake. Alianza kwa kuacha farasi, akaacha mjeledi, mwisho akaacha kutoka kitandani. Meno yalimtoka moja moja naye aliyapa majina ya wakubwa wa wilaya. "Leo nimemwondoa katibu," alisema. Dameli alimlisha mchuzi kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha vidonda ambavyo Bi Kulpash hakuweza kuvitazama. Kijiji kilimsifu. Wanawake wale wale wa kisimani walisema hawajapata kuona mkwe kama yule, na kila sifa ilimwingia kama mwiba chini ya ukucha.

Alasiri moja ya mwaka wa hamsini na tano, bibi akiwa nje anaokota samadi ya kuwashia, Dameli aliweka bakuli chini.

"Mimi ndiye niliyeandika jina lako."

"Wewe ndiye uliyeandika yote. Nani mwingine anajua kuandika hapa?"

"Wewe hukuwamo, Orazbek. Ilikuwa Yerkin. Smagul alitaka jina la kubadilishana. Nikakutaja wewe. Na nilikuwa nimeshaona kondoo. Nilijua."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, kama mkono ule ungeweza kuinuka. Orazbek alitazama dari.

"Kwa sababu niliomba nikuoe?"

"Sijui. Labda."

"Labda," alirudia, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Miaka miwili nalala hapa najifariji kwamba serikali iliuona uso wangu. Kumbe serikali haikuniona. Ni shemeji tu." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaacha damu kwenye kitambaa ambacho Dameli alikishika tayari. Aliposhusha pumzi, sauti yake ilikuwa kavu, haina mzaha. Ilikuwa mara ya kwanza Dameli kumsikia akisema bila mzaha.

"Nani anajua?"

"Smagul. Na Yerkin, ila keshaondoka."

"Mama asijue."

"Asijue."

"Nisikilize. Usidhani nakusamehe. Nikifa utataka kuondoka, kwenda Semei, kwenda popote. Huondoki. Utakaa na mama mpaka umzike. Naye atakushukuru, unamjua mama yangu. Atakushukuru asubuhi ukimpa chai, atakushukuru jioni ukimvua viatu. Atakuombea dua kwa kunitunza. Na wewe, kila mara, utainua mikono na kuitikia amina." Alifumba macho. "Hiyo ndiyo mahari yangu. Sasa leta mchuzi, unapoa."

Akamlisha. Alikunywa wote.

Alifariki wiki ya tatu ya theluji kuyeyuka. Bi Kulpash alilia siku arobaini, kisha akafuta uso, akamwita mkwewe, akafungua viganja vyake vigumu. "Mungu akulipe kwa kila kijiko ulichomlisha mwanangu. Mungu akupe kifo chepesi."

"Amina," Dameli alisema.

Likawa jambo la kila siku, kama alivyoahidiwa. Kwa miaka minane alishukuriwa. Wapo waliomposa, mmoja akiwa mkaguzi wa shule, mjane mwenye adabu. Akawakataa wote, na watu wakaona ni uaminifu. Wanawake wa Tasbulak walianza kuwatajia binti zao mfano wake. Alizeeka mapema. Darasani aliwafundisha watoto ambao idadi yao ilipungua kila mwaka, na baadhi yao walizaliwa na mikono ambayo haikuweza kushika kalamu. Hao aliwafundisha kuandika kwa namna nyingine, kwa mdomo au kwa mguu, bila kuwaambia kwa nini anasisitiza hivyo.

Agosti ya mwaka wa sitini na tatu redio ilitangaza kwamba mataifa makubwa matatu yamekutana Moscow na kuwekeana mkataba: mabomu hayatalipuliwa tena angani. Kijiji kilichinja farasi. Watu walikumbatiana ofisini, ingawa tangu miaka miwili nyuma ardhi ilikuwa imeanza kutikisika kutoka chini, na mkataba, kama ulivyosomwa, haukutaja chini. Kesho yake alikuja kijana wa wilaya kwa pikipiki, kavaa tai. Kutakuwa na mkutano wa amani, alisema, na wilaya inamtaka Mwalimu Dameli ahutubie, yeye aliyekusanya sahihi za Tasbulak nzima wakati ule.

"Sijisikii vizuri," Dameli alisema.

"Ni dakika tano tu, Mwalimu. Tumekwisha kuandika hotuba. Wewe utasoma."

"Nenda kamngoje nje, mwanangu," Bi Kulpash alimwambia kijana. Alikuwa amekaa kwenye zulia lake karibu na jiko, macho yake yameingiwa na ukungu mweupe, haoni zaidi ya vivuli. Kijana alitoka. Bibi alipapasa zulia kando yake, na Dameli akakaa.

"Utakwenda?"

"Sijui, mama."

"Nani anaijua amani zaidi yako? Nenda." Alitafuna ufizi. Nje pikipiki ilikuwa ikipoa, inatoa milio midogo midogo. "Kumi na wawili wote wamekwisha. Smagul naye tumemzika mwaka jana na koo lake lile lililovimba. Siku zake za mwisho nilimpelekea maziwa ya farasi. Alisema mengi, masikini. Mtu wa homa husema mengi."

Dameli aliweka mkono juu ya zulia.

Bibi aliinua viganja vyake kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka minane, lakini dua haikuja. Alikaa nayo mikono ile, mitupu, imefunguka mbele ya kifua chake. Halafu aliushusha mmoja, akautafuta mkono wa mkwewe juu ya zulia, akaupata, akaushika kwa nguvu ya mkamuaji.

"Macho yameshakwenda," alisema. "Masikio nayo yanajiandaa. Kama una neno, liseme leo, mwanangu. Mimi nipo. Nakusikiliza."